KAMBA HAINA UZITO, UZITO NI WEWE: Historia ya mazoezi ya kamba, kutoka wodini hadi mlangoni kwako

SEHEMU YA 1: Nesi mzima nilivyoumbuka



Wiki iliyopita niliahidi kujibu swali ambalo limenijia mara nyingi sana: zile kamba za mazoezi zinazofungwa juu ya mlango, mama aliyejifungua anaweza kuzitumia? Nilidhani nitajibu kwa mistari miwili. Nikashindwa. Jibu lina historia ndani yake, na nikikupa jibu bila historia utafanya kosa nililofanya mimi.

Mtoto wangu wa pili alipofika miezi minne, nilinunua zile kamba. Mbili, za mkanda mgumu, zina vishikio chini na kifundo cha kubana juu ya mlango. Niliziona kwenye video, dada mmoja mwembamba amejilaza nyuma karibu agonge sakafu, anajivuta juu kama hana mifupa. Nikasema kumbe ni mwili wangu tu, hakuna chuma hapa, hakuna kilo, kitanidhuru nini? Nikaweka video, nikajilaza kama yeye, nikavuta.

Mara ya tatu mkojo ukatoka.

Sio matone. Ulitoka hasa. Na nilipoangalia tumbo, katikati palikuwa pamesimama kama tuta la viazi, kuanzia juu ya kitovu. Nikakaa chini nikalia. Nesi mzima, mkunga, mtu anayesimama kliniki kila siku kuwaambia wenzake "fanyeni mazoezi mama, mwili urudi".

Sikumwambia mtu kwa wiki mbili. Mwisho nikamfuata mzee mmoja wa fiziotherapia tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Nikamweleza yote huku naangalia chini. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu:

"Sista, miguu yako ulikuwa umeiweka wapi?"

Nikashangaa. Mimi nazungumzia mkojo, yeye anauliza miguu. Akasema, "Hiyo kamba haina uzito. Uzito ni wewe. Na kiasi cha uzito kinaamuliwa na mahali ulipoweka miguu. Wewe umeanzia pale mwanajeshi anapomalizia."

Halafu akanipeleka wodi ya mifupa, akanionyesha kitu ninachokiona tangu nikiwa mwanafunzi: vitanda vyenye fremu juu, kamba, vigurudumu, na mifuko ya mchanga inayoning'inia. Akasema, "Hizo kamba zako za mlangoni, nasaba yake iko huku kwa wagonjwa. Watu waliofundishwa huku kufanya mazoezi kwa kamba hawakuwa wanamichezo. Walikuwa ni watu wasioweza hata kuinua mguu."

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata. Twende pamoja, taratibu.

SEHEMU YA 2: Watoto waliopooza na mwalimu aliyewageuza ubavu

Tuanzie Boston, Marekani, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Polio ilikuwa inawapooza watoto kila kiangazi. Mtoto analala na homa, anaamka mguu haumtii. Chanjo hakuna, itakuja miaka ya 1950. Mama aliambiwa nini? Amlaze, amfunge vyuma miguuni, asubiri.

Boston kulikuwa na daktari wa mifupa anaitwa Robert Lovett, na msaidizi wake mkuu wa mazoezi alikuwa mwanamke, Wilhelmine Wright. Mwaka 1912 Wright alichapisha maelezo ya namna ya kufundisha misuli ya watoto hawa. Ndani yake kulikuwa na wazo dogo ambalo lilibadilisha kila kitu.

Aliona kwamba swali la "msuli unafanya kazi au haufanyi?" ni swali baya. Msuli unaweza kuwa hai lakini dhaifu kiasi kwamba hauwezi kupambana na mvuto wa dunia. Mlaze mtoto chali umwambie inua mguu, hainui, utasema umekufa. Lakini mguu ule ule, ukimlaza mtoto kwa namna ambayo mguu unateleza juu ya meza badala ya kupanda juu, unasogea. Kumbe msuli upo! Mzigo ndio uliokuwa umeuzidi.

Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo ambacho sisi wauguzi na madaktari tunakitumia hadi leo. Waingereza walikiandika vizuri wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya askari waliokatika mishipa ya fahamu, na ndicho tunachofundishwa vyuoni. Ukiwa na ndugu aliyepata kiharusi utakuwa umewahi kusikia daktari akisema "nguvu ya mkono ni mbili" au "ni tatu". Maana yake ni hii:

0: hakuna kitu.
1: msuli unashtuka tu, kiungo hakisogei.
2: kiungo kinasogea, mradi mvuto wa dunia umeondolewa, yaani kinateleza, hakipandi.
3: kiungo kinapanda juu dhidi ya mvuto wa dunia, basi.
4: kinapanda, na kinaweza kushindana na mkono wa daktari anayekizuia, lakini sio sana.
5: nguvu kamili.

Hebu kitazame tena kile kipimo. Hakuna kilo hapo. Hakuna chuma. Mzigo wa kwanza kabisa ni mwili wako mwenyewe ukivutwa na dunia, na kazi ya mtaalamu ni kupunguza mvuto huo au kuuongeza kwa kubadilisha namna ulivyolala. Wright hakuwaambia watoto "jitahidini zaidi". Alibadilisha pembe.

Kuanzia mwaka 1914, yeye na Lovett walikwenda jimbo la Vermont baada ya mlipuko mkubwa kule, wakawa wanawapima watoto msuli kwa msuli na kuwafundisha wazazi mazoezi ya kufanya nyumbani. Ndiyo, wazazi. Mama jikoni na mtoto juu ya meza, ndio waliobeba kazi hiyo. Lovett huyu huyu ndiye aliyemwona Franklin Roosevelt mwaka 1921 na kumwambia kuwa ni polio, na Roosevelt baadaye alifanya mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu ya Warm Springs, kwa sababu maji yanabeba mwili na kuupunguzia mzigo. Alikuja kuwa Rais wa Marekani.

Shika neno hili, tutalirudia: kabla ya kuongeza mzigo, kuna watu walijifunza kuupunguza.

Itaendelea kesho, mtoto ameamka.

SEHEMU YA 3: Ndoano inayohama

Nimerudi. Nianze na kitu cha kuwapa moyo wauguzi wenzangu. Mwaka 1894 kule London, wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, walianzisha chama cha kulinda heshima ya kazi ya kukanda wagonjwa. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Kwa hiyo hii taaluma, upande wa Uingereza, imezaliwa na manesi. Mkinicheka kwa kuandika mambo ya mazoezi, nitawakumbusha hao bibi zangu.

Sasa, watoto wa Boston waliteleza juu ya meza. Lakini meza ina msuguano, ngozi inanata. Utafanyaje mguu uelee hewani kabisa? Unautundika.

Mwanamke mwingine, Olive Guthrie-Smith, Mwingereza, aliijenga elimu nzima juu ya jambo hilo. Alitengeneza fremu ya chuma juu ya kitanda, ina wavu wa chuma kama dari, na kwenye wavu unaweza kutundika ndoano popote unapotaka. Kutoka kwenye ndoano zinashuka kamba na mikanda ya kitambaa inayobeba mguu, mkono, kiuno, hata mwili mzima. Kitabu chake kilitoka mwaka 1943, katikati ya vita, wakati hospitali za Uingereza zimejaa watu waliovunjika na kuungua.

Naomba uelewe ule ujanja wa ndoano, maana ndio kiini cha posti hizi zote.

Fikiria bembea ya mtoto. Ukiiacha, inatulia chini kabisa, wima chini ya pale ilipofungwa. Kuisukuma mbele au nyuma ni kuipandisha mlima. Sasa mfikirie mgonjwa amelala chali, mguu wake umetundikwa kwa kamba. Guthrie-Smith akiweka ndoano juu kabisa ya kiungo cha nyonga, mguu unakwenda kushoto na kulia kwenye usawa mmoja, haupandi wala haushuki. Mzigo ni karibu sifuri. Hiyo ni ile namba 2 yetu.

Akihamisha ndoano kidogo kwenda nje, mguu unataka kukaa kule nje, kama bembea inavyotaka kutulia. Mgonjwa akiurudisha ndani, anapanda mlima. Msuli wa kuvuta mguu ndani umepata mzigo. Hakuna kilo iliyoongezwa. Hakuna chuma. Ndoano imehama tu. Ikihama zaidi, mlima unakuwa mkali zaidi. Ikihamia upande wa pili, msuli ule ule dhaifu sasa unasaidiwa badala ya kushindana.

Nilipolielewa hili nilisimama nikaangalia kamba zangu pale mlangoni. Mimi siwezi kuhamisha ndoano, imebanwa juu ya mlango. Lakini naweza kuhamisha miguu yangu. Ni kitu kile kile! Yeye alihamisha ndoano mgonjwa akiwa amelala, mimi ninahama mwenyewe ndoano ikiwa imetulia. Ule umbali kati ya miguu yako na mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kifundo ndio kitasa cha kuongeza na kupunguza. Basi.

Yule mzee hakuwa ananipotezea muda alipouliza miguu ilikuwa wapi.

SEHEMU YA 4: Daktari wa viatu vya chuma, na bwana mmoja anayeitwa Kegel

Upande wa Marekani vita ileile ilileta tatizo lingine. Hospitali zilijaa askari waliofanyiwa upasuaji wa goti, na utaratibu wa wakati ule ulikuwa mazoezi mepesi, marudio mengi mengi, mgonjwa asichoke. Matokeo, watu wanakaa wodini miezi, paja limekonda kama fimbo.

Katika hospitali ya jeshi ya Gardiner, Chicago, kulikuwa na daktari kijana anaitwa Thomas DeLorme. Akiwa na miaka 16 aliugua homa ya baridi yabisi iliyomlaza kitandani muda mrefu, na alijijenga upya kwa kunyanyua vyuma, jambo ambalo wakati ule lilionekana la hatari kwa mtu wa aina yake. Akawafanyia askari alichojifanyia mwenyewe: aliwavalisha kiatu cha chuma chenye vyuma vya kuongezwa, akapima ni uzito gani wanaweza kuunyanyua mara 10 tu, na akaanza hapo. Mwaka 1945 alichapisha matokeo. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins, walirahisisha wakasema seti tatu zinatosha: ya kwanza nusu ya uzito wako wa mara 10, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Ukimudu, wiki inayofuata unapima upya na kupanda.

Hata ukienda gym leo mtaani kwako, "seti tatu za kumi kumi" zinatoka huko, wodini.

Lakini naomba utazame alichokifanya. Hakuwaambia askari "nyanyua vizito". Alipima kwanza. Alianza chini ya uwezo. Alipanda kwa hatua. Ndiyo maana waliacha kuita mazoezi mazito wakaita mazoezi ya mzigo unaopanda hatua kwa hatua. Sisi manesi tungeita dozi.

Na sasa mama zangu, kaeni vizuri. Mwaka huohuo wa 1948, daktari wa magonjwa ya wanawake kule Los Angeles alichapisha makala ambayo kichwa chake kinatumia maneno yaleyale ya DeLorme, mzigo unaopanda hatua kwa hatua, lakini kwa ajili ya misuli ya chini ya mama baada ya kujifungua. Jina lake Arnold Kegel.

Ndiyo, kegel ni mtu! Nimewahi kuuliza kliniki akina mama wanadhani kegel ni nini, mmoja akasema ni Kijerumani cha "kubana".

Kegel aliona wanawake wanavuja mkojo na wanapelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Akatengeneza kifaa kidogo cha mpira kinachoingizwa ukeni, kimeunganishwa na saa ya presha. Mama anabana, mshale unapanda, anauona kwa macho yake. Leo umefika hapa, wiki ijayo utafika pale. Msuli unabana dhidi ya kifaa, huo ndio mzigo, na mshale ndio kipimo.

Sasa nikuulize, sisi tumekipokea nini katika hayo? Tumepokea neno "bana". Kipimo kimepotea njiani, kupanda kwa hatua kumepotea njiani. Mama anaambiwa mlangoni akiruhusiwa, "uwe unabana mama", anajibu "haya sista", anaondoka na mtoto na karatasi ya kliniki. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa miaka, sitaki kumsingizia mtu. Nilikuwa natoa dawa bila dozi.

Na kabla ya Kegel, kule Hospitali ya St Thomas', London, Minnie Randell, aliyekuwa nesi na mkunga kabla ya kuwa mwalimu wa fiziotherapia, alikwisha kutoa kitabu cha mazoezi ya uzazi mwaka 1936 pamoja na mcheza dansi Margaret Morris. Nesi na mcheza dansi! Enzi ambazo mama alilazwa kitandani siku nyingi asiguse chini, wao walikuwa wanasema msuli unaanza kazi kidogo kidogo mapema, kwa pumzi, ukiwa bado umelala.

SEHEMU YA 5: Mkanda wa jiu-jitsu na wanawake wa Norway

Tumefika kwenye zile kamba zako.

Mwaka 1997, Randy Hetrick, mwanajeshi wa kikosi maalumu cha wanamaji wa Marekani, alikuwa kazini Asia ya Kusini-Mashariki, mahali pasipo na vyuma vya mazoezi. Alikuwa na mkanda wake wa jiu-jitsu, ule mchezo wa mieleka unaofanana na judo. Akaufunga fundo, akaubana juu ya mlango, akajilaza nyuma akajivuta. Baadaye akaongeza mikanda ya parachuti. Alipotoka jeshini akaenda kusoma biashara Chuo Kikuu cha Stanford, na kamba zikawa kampuni, TRX, zikasambaa dunia nzima. Zile za bei nafuu unazoziona sokoni zimeiga umbo hilohilo.

Simlaumu. Alitatua tatizo lake. Lakini angalia nani alikuwa anavuta: mwanajeshi wa kikosi maalumu. Na video nyingi zimerithi mwili huo. Zinaanza pale alipo mtu ambaye hajawahi kuwa namba 2 maishani mwake.

Wakati huohuo kule Norway wataalamu wa fiziotherapia walikuwa wanatumia kamba za kutundika za aina yao, kwa mtazamo wa zamani wa Guthrie-Smith: anza kwa kubebwa, punguza msaada kidogo kidogo. Mwaka 2004, Britt Stuge na wenzake walichapisha utafiti ambao kila nikiusoma natamani ningekuwa nao mkononi siku ile nimekaa chini nalia. Walichukua wanawake 81 wenye maumivu ya nyonga yaliyobaki baada ya kujifungua. Wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote walipata fiziotherapia kwa wiki 20, lakini kundi moja lilipewa mazoezi maalumu ya kuimarisha kiuno na nyonga, kila mama akipangiwa kiasi chake, na kamba zilitumika katika kuongeza na kupunguza mzigo. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu, likarudi kwenye shughuli zake vizuri zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo walipofuatiliwa miaka miwili baada ya kujifungua.

Msiniandikie inbox kwamba nesi amesema kamba zinatibu nyonga. Sijasema. Zilikuwa sehemu ya mpango, na mpango ulikuwa na mtu anayeangalia. Ninachosema ni kwamba kamba zilezile zilizonivujisha mkojo zinaweza kumsaidia mama aliye dhaifu kuliko mimi, kama dozi imepangwa. Hata hao wa Norway hawakuacha kuuliza: miguu iko wapi?

SEHEMU YA 6: Dozi yako, mlangoni kwako

Hii ndiyo mliyokuwa mnaisubiri. Lakini kwanza masharti, na sio ya kuruka.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linahimiza mama aliyejifungua arudi kwenye mazoezi taratibu, na yakiwemo ya kuimarisha misuli. Aliyejifungua kwa upasuaji aongee na mtoa huduma wake kabla. Ukiwa ndani ya arobaini, achana na kamba, pumua, bana na kuachia, tembea. Baada ya hapo, fika kliniki uangaliwe kwanza.

Mlango: simama upande ambao ukivuta, mlango unazidi kujifunga kwenye fremu yake, sio kufunguka. Funga na ufunguo. Usitundike kwenye bomba la pazia wala nondo ya dirisha iliyokula kutu. Ukimaliza, zishushe uzifiche. Kamba inayoning'inia ni hatari kwa shingo ya mtoto, hili silirudii mara mbili.

Sasa dozi. Kuna vitasa vinne.

Cha kwanza, miguu. Shika vishikio, tazama mlango, kamba zikaze, uegemee nyuma. Miguu ikiwa mbali na mlango unakuwa karibu wima, mzigo mdogo. Ukisogeza miguu kuelekea mlangoni mwili unalala zaidi, mzigo mkubwa. Ukigeuka ukaupa mlango mgongo na kusukuma mbele, kanuni ni ileile: miguu ikikaribia mlango ni ngumu, ikienda mbali ni rahisi. Na kuna siri ambayo wengi hawaijui. Ukiegemea nyuzi 30 tu kutoka wima, mzigo hauwi theluthi ya ule wa kulala sambamba na sakafu. Unakuwa kama nusu! Ni ile hesabu ya pembe tuliyoikimbia sekondari. Maana yake hatua za kwanza ndizo zinazoongeza mzigo kwa kasi. Kwa hiyo usipige hatua, sogeza kwa urefu wa kidole gumba. Weka alama sakafuni kwa chaki, leo hapa, wiki ijayo pale. Hiyo chaki ndiyo mshale wa Kegel.

Cha pili, upana. Miguu ikiachana mwili unatulia. Ikibana, au ukisimama na mmoja mbele ya mwingine, misuli ya kiuno inafanya kazi zaidi. Anza imeachana.

Cha tatu, ndoano ya Guthrie-Smith. Kwenye mazoezi ya kulala, miguu ikiwa kwenye kamba, kadiri unavyojivuta mbali na mlango ndivyo unavyopanda mlima. Haya muache kwa sasa. Ni ya mtu aliyefika namba 5, na tumbo limefunga.

Cha nne, mikono kama msaada. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Shika vishikio, kaa chini kama unakaa kwenye kigoda, halafu inuka huku mikono inakusaidia kidogo. Hapa kamba haikuongezei mzigo, inakupunguzia. Miguu inabeba kiasi unachokimudu, mikono inabeba kilichobaki. Wiki ikienda, vuta kidogo zaidi ya jana? Hapana! Vuta kidogo KULIKO jana. Siku utakayoshika kamba kwa vidole viwili tu, umeshapona bila kujua.

Pumzi: toa pumzi wakati wa kuvuta au kuinuka, na bana chini kabla hujaanza. Ukijikuta umefunga pumzi, mzigo umekuzidi.

Idadi: tafuta pembe ambayo unaweza kufanya mara 10 vizuri na ukabakiza nguvu za mbili tatu. Seti ya kwanza simama wima zaidi ya hapo, ya pili karibia, ya tatu hapo penyewe. Ni DeLorme yuleyule, ila chuma ni wewe.

Alama za kurudisha miguu nyuma hapohapo: mkojo kutoka, kuhisi kitu kizito kinashuka ukeni, tumbo kusimama tuta katikati, maumivu ya nyonga au kidonda. Hizo sio aibu, ni mshale unakuambia dozi imezidi. Punguza pembe. Kama zinaendelea hata ukiwa wima, au damu imeanza kutoka upya, acha, nenda kituo cha afya. Usikae wiki mbili kimya kama mimi.

Na akina baba, mama akikwambia hawezi hata kujiegemeza kidogo, usimwambie "mbona wenzako". Nenda kamchoree mstari wa chaki karibu na wima. Hapo ndipo Wright alipowaanzishia watoto wa Vermont.

Mimi ilinichukua miezi mitano kufika pale nilipojitupa siku ya kwanza. Alama za chaki bado zipo sakafuni kwangu, zimefutika futika, mtoto sasa anazirukia kama mchezo wa kidali. Kuna moja iko karibu kabisa na ukuta wa mbali, ambapo mtu akisimama haegemei chochote, ameshika kamba tu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Sijaifuta.

Mwenye swali aniulize hapa chini, sio inbox, ili na mwenzako afaidike. Wiki ijayo tutaongelea mkanda wa kufunga tumbo, na najua huko mtanirushia mawe.